Kipandio cha Tano

Lowell Tveit alilala chali chini ya mwaloni, macho wazi, jalidi jembamba limeshika ndevu zake. Kofia yake ilikuwa pembeni. Upinde wake uliegemea mzizi, mishale yote sita ndani ya podo, hata mmoja haujatumika.

Juu yake vipandio vinne viliukwea mti. Kila kimoja kilikuwa kipande cha ngazi ya alumini chenye urefu wa mkono, kimefungwa kwenye shina kwa kamba, kimoja juu ya kingine, utepe wake mweusi wa kuzuia kelele umekatwa. Baada ya cha nne kilikuwapo kiti kidogo cha chuma, futi kumi na saba kutoka ardhini. Kiti kilikuwa kitupu. Upepo ukipita, kililia tik, tik, kama mtu anayegonga mlango na hataki kuwaamsha wenye nyumba.

"Ameanguka, afande," alisema Konstebo Dwight Ruud, akipuliza mikono yake. "Kila Novemba tunaokota mmoja. Kulungu dume wanarukwa na akili kwa ajili ya majike, na wanaume wa wilaya hii wanarukwa na akili kwa ajili ya kulungu."

Inspekta Verna Kostka hakucheka.

Mwaka uliopita, Novemba kama hii, alisimama chini ya mti mwingine, maili mbili kutoka hapo, juu ya mwili wa Wes Brekke, kijana wa miaka ishirini na miwili. Kipandio kilimkatikia. Verna alikaa pale nusu saa tu. Akaandika AJALI kwenye jalada, akaenda zake kula samaki wa Ijumaa. Samaki alishuka, neno likakwama. Mwaka mzima limemkaa kooni kama mwiba, wala hakujua kwa nini.

"Leo siliandiki neno hilo," alisema, "mpaka mti wenyewe uniambie."

"Miti haisemi, afande."

"Basi wewe nyamaza, tuone nani ataanza."

Alimzunguka marehemu polepole. Mkanda wa usalama ulikuwa kiunoni, haujafungwa mahali. Buti zilikuwa na matope ya kijito. Nyuma ya kichwa palikuwa na jeraha moja, na damu yake imeganda kwenye majani.

Kisha akausogelea mti. Akainua mguu wa kulia kukanyaga kidato cha chini cha kipandio cha kwanza. Mguu haukufika. Akashika shina, akajivuta, akainua tena mpaka nyonga ikalia. Ukafika kwa shida. Kutoka hapo kwenda kipandio cha pili, nafasi ilikuwa ileile. Akaning'inia kama nguo kwenye kamba, akashuka.

"Dwight, Lowell alikuwa na kimo gani?"

"Lowell? Mfupi. Mimi namwita Kisiki tangu shule. Halafu goti lake la kushoto ni la chuma, walimpasua miaka mitatu iliyopita."

"Lete utepe wa kupimia."

Walipima. Kutoka ardhini mpaka kidato cha kwanza, inchi thelathini na mbili. Kutoka kipandio hadi kipandio, thelathini na mbili, thelathini na mbili, thelathini na mbili.

"Kitendawili," alisema Verna.

"Tega, afande."

"Ngazi ipo, kiti kipo, mwenye kiti yupo, na mwenye kiti hajapanda."

Dwight alikitazama kiti kule juu, akamtazama Kisiki pale chini. Mzaha ukamtoka usoni.

"Aliyefunga hivi vipandio," alisema taratibu, "ana miguu mirefu."

"Sasa tazama mfuko wake wa mgongoni. Hesabu vitanzi vya kubebea vipandio."

"Vitano. Vyote vimelegea."

"Na mtini vipo?"

"Vinne." Dwight akahesabu tena. "Afande, kimoja kiko wapi?"

Walikitafuta msituni asubuhi nzima. Hawakukiona.

* * *

Daktari wa maiti, mama Pelkie, alipiga simu saa nane mchana. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Verna, mtu akianguka futi kumi na saba, mwili mzima unasema. Visigino, uti wa mgongo, mbavu, viganja. Huyu amesema mahali pamoja tu."

"Kichwani."

"Kisogoni. Pigo moja, la kitu chembamba cha chuma chenye ukingo. Amekufa jana, jioni jioni. Na aliyepiga ni mrefu kuliko yeye, maana pigo limetoka juu."

"Asante, daktari."

"Usinishukuru. Nilikuwa napika supu yangu kwa amani."

* * *

Ione Tveit, mjane, aliwafungulia mlango akiwa na aproni. Alikuwa amepika kahawa ya watu ishirini. Ndivyo tulivyo huku: msiba ukiingia, mwanamke anashika birika ili mikono ipate pa kwenda.

"Niambie jambo moja, Verna," alisema kabla hawajaketi. "Alifunga mkanda?"

"Hakuhitaji mkanda, dada. Lowell hakupanda ule mti."

Ione alikaa chini taratibu. "Basi nani kapanda?"

"Ndilo tunalolitafuta. Nioneshe banda lake la vifaa."

Banda lilikuwa safi kuliko jikoni nyingi. Mtu yeyote wa wilaya hii aliyetaka kuwinda kwa upinde, akihama mti leo huu kesho ule, alipitia hapa kwanza. Alikuja kuuliza achague vipandio gani: vifupi au virefu, vitatu au vitano, vya kufunga kwa kamba au kwa mkanda wa bizimu. Lowell alikuwa na jawabu lake. Hakukutajia kipandio mpaka akupime mguu.

"Alikuwa akikusimamisha hapa," alisema Ione, akiigusa nguzo ya mbao katikati ya banda. "Anakwambia inua mguu bila kujivuta, bila kushika kitu. Mguu unapokomea, anapiga mstari. 'Hiyo ndiyo hatua yako,' anakwambia. 'Ukifunga zaidi ya hapo, unajenga ngazi ya mtu mwingine.'"

Nguzo ilijaa mistari ya kalamu ya risasi, kila mstari na jina na inchi. Dwight akainama kusoma.

"'Dwight R., 19. Na asipande.'" Alikohoa. "Mpuuzi huyu. Mungu amrehemu."

"Mstari wake mwenyewe?" Verna aliuliza.

"Huu. Ishirini na mbili. Ndiyo maana alibeba vitano. Mwenye miguu mirefu anabeba vinne na anafika palepale."

Verna alifungua utepe wake, akaushika kwenye nguzo, akapanda nao kwa kidole. Ishirini na tano, watu watatu. Ishirini na nane, mtu mmoja, alihamia Minnesota. Kisha pakawa patupu. Kisha, juu kabisa, mstari mmoja peke yake.

Aliutazama muda mrefu.

"Soma, afande," Dwight alinong'ona.

"'Wes B., 32.'"

Nje upepo ulivuta mlango wa banda na kuurudisha.

"Wes tulimzika," alisema Dwight. "Mimi nilishika jeneza. Afande, mimi nilishika jeneza upande wa kushoto."

"Nyamaza, Dwight."

"Watu wanasema kule kwenye mti wake husikika chuma..."

"Nimesema nyamaza."

Ila Ione alikuwa amejifunga mikono kifuani. "Mwache aseme," alisema. "Lowell pia alisikia. Mwaka huu wote. Alikuwa akiniambia, 'Ione, nikikaa juu ya mti, kuna mtu anapanda chini yangu. Tik. Tik. Nikichungulia, hakuna mtu.' Mimi nikamwambia ni uzee. Yeye akawa haendi kabisa upande wa kaskazini, Wes alikofia."

"Alianza lini kusikia?"

"Baada ya maziko."

"Walikuwa na ugomvi, yeye na Wes?"

"Ugomvi? Alimpenda kama mwanawe. Wes alikuja Oktoba ile kuuliza achague vipandio gani. Alikuwa anatembea maili tatu kwenda kwenye pori la umma, alitaka vyepesi. Lowell akampa vyake vya zamani, bure kabisa."

Verna akageuka. "Vya zamani? Kwa nini vilikuwa vya zamani?"

"Kwa sababu alinunua vipya. Septemba. Alirudi siku moja anachechemea, shati limechanika, akasema ameteleza. Kesho yake akaenda kununua vipya."

"Vile vya zamani alivinunua lini?"

Ione alifikiri. "Mwaka uleule. Majira ya kuchipua."

Miezi sita tu. Hakuna mtu huku anayetupa vipandio vya miezi sita. Verna alitazama ukutani, penye drili imening'inia kwenye msumari. Vumbi lilikuwa limeifunika kama blanketi. Katika banda lile lisilo na vumbi, kifaa hicho kimoja hakikuguswa mwaka mzima.

"Drili hii alikuwa akifanyia nini, dada?"

"Kutoboa," alisema Ione. "Alikuwa na wazimu wa uzito. Alitoboa kila kitu. Mpini wa kisu, kiti, hata mswaki wa kubebea msituni. 'Kila tundu ni robo wakia,' anasema."

"Na vipandio?"

Mjane alifungua mdomo. Kisha akauziba kwa kiganja, akageukia ukuta.

* * *

Katika gari, Dwight aliendesha bila kuwasha redio.

"Kipandio kilichokatika mwaka jana," alisema Verna. "Kielelezo. Kiko wapi?"

"Kilirudishwa kwa mzazi, afande, kesi ilipotimiza mwaka tangu ifungwe. Wiki tatu zilizopita. Wewe ndiye uliyesaini."

"Mimi ndiye niliyesaini," alirudia.

Nyumba ya Arlen Brekke ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe. Mkewe alikwenda kwa dada yake La Crosse majira ya joto, hakurudi. Ng'ombe waliuzwa. Taa ya jikoni peke yake ilikuwa inawaka mchana ule wa kijivu.

Arlen alifungua kabla hawajabisha. Ilibidi ainamishe kichwa ili asigonge fremu ya mlango. Verna aliitazama miguu yake, akajua mara moja mstari ule wa juu kabisa ulikuwa urithi wa nani.

"Nilidhani mtakuja asubuhi," alisema mzee Arlen. "Ingieni. Vueni buti au msivue, sakafu haina mwenyewe."

Mezani, juu ya gazeti, vilikuwapo vipandio viwili. Kimoja kilikuwa kimekatika katikati. Cha pili kilikuwa kizima, na kidato chake cha chini kilikuwa na doa jeusi lililokauka.

Dwight akaupeleka mkono kiunoni. Verna akamzuia kwa jicho.

"Mzee Arlen, una haki ya kukaa kimya. Una haki ya wakili. Utakalosema litaandikwa."

"Ninajua. Nimekaa kimya mwaka. Nimechoka."

"Dwight, andika."

Waliketi. Arlen hakukaa. Alisimama nyuma ya kiti, mikono juu ya mgongo wake, kama mtu kanisani.

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Msituni. Kwenye mwaloni wa Lowell."

"Ulimfuata?"

"Nilimngoja. Kila mtu anajua anawinda wapi upepo ukitoka magharibi."

"Ulikwenda na silaha?"

"Nilikwenda na hiki." Alikigusa kile kilichovunjika. "Mlipokirudisha kilikuwa ndani ya boksi. Wiki mbili sikuweza kulifungua. Siku nilipolifungua, nikabandua utepe mweusi wa kuzuia kelele uliozungushiwa. Tazama."

Verna alitazama. Utepe ulikuwa umevuliwa kama ganda la muwa. Chini yake alumini ilikuwa na matundu, safu nzima kutoka juu mpaka chini, makubwa kiasi cha kupitisha kidole. Mpasuko ulikuwa umepita katikati ya tundu moja.

"Ni mtu mmoja tu wilaya hii anayetoboa hivi," alisema Arlen. "Nikaenda kumuuliza. Verna, naapa, kuuliza tu. Nilitaka aseme, 'Ndiyo, Arlen, ni mimi.' Maneno manne, matano. Basi."

"Akasema nini?"

"Alikuwa ametua mzigo wake, anavipanga vipandio chini ili aanze kufunga. Nikamwonesha. Akasema Wes alitaka vyepesi. Nikamwambia, ulimwambia vimetobolewa? Akasema kila mtu anajua yeye hutoboa. Akasema mtoto alikuwa mzito. Akasema angefunga mkanda wake angekuwa hai. Mtoto. Alikuwa na urefu wangu, anamwita mtoto."

"Kisha?"

"Nikaokota kimoja chake, hiki hapa. Nikachukua kisu nikakata utepe mbele yake, ili nimwoneshe matundu yake mwenyewe, asikatae." Sauti yake ikashuka. "Hakina tundu, Verna. Tazama mwenyewe. Nikakata cha pili. Hakina. Nikakata vyote vitano. Vizima. Vizima vyote."

Verna aliinama kukitazama kile kizima bila kukigusa. Hakikuwa na tundu.

"Kimoja cha vile vya zamani kilikwisha kumvunjikia," alisema Verna. "Septemba. Mkewe ametuambia alirudi anachechemea."

Arlen alifumba macho. Hilo hakulijua kwa hakika. Alikuwa amelikisia tu, na kukisia kulimtosha.

"Aliniona nimeelewa," alisema. "Akanigeuzia mgongo. Akaanza kukusanya vitu vyake, kana kwamba mazungumzo yamekwisha. Kipandio kilikuwa mkononi mwangu."

"Ulipiga mara ngapi?"

"Moja."

"Kisha ukavifunga vipandio vyake mtini."

"Ndiyo."

"Ukapanda ukaweka kiti."

"Ndiyo. Nilikwenda kwa hatua yangu. Sikufikiria hatua yake. Vilipofika vinne nikawa nimeshafika juu, na hiki kimebaki chini kina damu. Nikakibeba."

"Ulitaka kuficha."

"Hapana." Arlen alitikisa kichwa. "Ningetaka kuficha hiki ningekitupa mtoni, nisingekiweka mezani. Nilitaka uje usimame pale. Wewe, Verna. Nilitaka nione kama utasimama nusu saa, uandike lile neno, uende kula. Nikasema kama ataandika kwa Lowell kama alivyoandika kwa Wes, basi ndivyo dunia ilivyo, na mimi nitanyamaza mpaka nife. Na kama hataandika, nitamwambia kila kitu."

Dwight aliacha kuandika. Kalamu yake ilibaki hewani.

"Lowell alimwambia mkewe," alisema Verna, akitafuta maneno, "kwamba alikuwa akisikia mtu anapanda chini yake. Mwaka mzima. Ulikuwa wewe?"

"Mimi?" Arlen alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi sijakanyaga ule msitu kabla ya jana. Nisingeweza."

Dwight alijisogeza kwenye kiti. Hakuna aliyelifuata jambo hilo. Yapo mambo ambayo polisi hana fomu yake.

Verna alivuta kipandio kilichovunjika karibu naye. Akaingiza kidole kwenye nusu ya tundu pale penye mpasuko, mahali ambapo utepe ulikuwa umechanika siku ileile ya kwanza. Kingo zilikuwa kali. Kidole chake kiliikumbuka baridi hiyo. Mwiba uliomkaa kooni mwaka mzima ulisogea, na sasa alijua ulikuwa nini.

"Nilikishika," alisema.

"Nini?"

"Mwaka jana, chini ya mti. Nilikishika hivi hivi. Niliona tundu, mzee Arlen. Hili hapa, lilikuwa wazi. Nilidhani ndivyo vinavyotengenezwa kiwandani. Mimi siwindi. Ningemuuliza Dwight tu, alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Sikuuliza. Kulikuwa na baridi na nilikuwa na njaa."

"Afande," Dwight alisema haraka, "hilo si la kwenye maelezo ya mtuhumiwa. Hilo siandiki."

"Andika."

"Afande, watakufukuza."

"Andika, Dwight. Neno kwa neno, na jina langu mbele yake. Kesho jalada la Wes Brekke linafunguliwa upya, na ukurasa huo ndio wa kwanza."

Kalamu ilikwaruza karatasi. Arlen aliisikiliza mpaka ilipokoma.

"Uliona," alisema.

"Niliona. Ni mimi."

Mzee yule mrefu aliukamata mgongo wa kiti kwa nguvu mpaka mbao zikalia. Alimtazama Verna bila chuki, kama mtu aliyetembea siku nyingi jangwani, akapewa maji baada ya kiu kwisha kumuua aliyekuwa naye.

"Angesema hivyo Lowell," alisema, "saa hizi angekuwa kwake, anakunywa kahawa ya Ione."

Kisha akakaa chini kwa mara ya kwanza, akakiweka kichwa chake mezani kati ya vile vyuma viwili, akalia. Pingu zilikuwa kiunoni mwa Dwight. Aliziacha palepale, na hakuna aliyemharakisha.